Kuishi Guangzhou bila kujifungia Xiaobei: mwongozo kamili kwa mgeni kutoka Afrika Mashariki

Ukipanda ngazi za kutokea stesheni ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, kusini mwa China, kwenye Njia ya 5 ya treni za chini ya ardhi, hazipiti dakika kumi kabla hujasikia mtu akiita "mambo vipi". Wali na maharage upo, wasusi wapo, wapakiaji wa kontena la pamoja wapo, na hakosekani mtu anayemfahamu shangazi yako wa Kariakoo. Ni raha kweli. Ni mtego pia. Nimewajua watu waliokaa Guangzhou miaka sita, wakaondoka na maneno mawili ya Kichina, "duoshao qian" (bei gani) na "tai gui" (ghali mno), wala hawajawahi kuvua viatu kwenye mlango wa Mchina hata mmoja wakakaribishwa chai.

Mwongozo huu ni wa anayekuja kukaa: mwanafunzi, mfanyabiashara wa miezi, au mtu aliyemfuata mwenzi wake. Nimeufuatisha jinsi siku zenyewe zinavyokujia, kuanzia makaratasi, ambayo hayana utamu, hadi mezani, ambako ndiko urafiki unakopatikana.

Kabla hujapanda ndege

Jua herufi ya viza yako maana yake nini. M ni ya biashara: inakuruhusu kununua mzigo na kukutana na viwanda, haikuruhusu kuajiriwa. Z ni ya kazi. X1 ni ya masomo yanayozidi siku 180, X2 ni ya masomo mafupi. Wenye Z na X1 wanatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Viza hizo mbili ni za kukuvusha mpakani tu. Wengi hudanganyika hapa, wakiona mihuri imejaa kwenye pasipoti wanafikiri wamemaliza.

Pakua programu ukiwa bado nyumbani. Duka la programu la Google halifunguki kule, wala Google yenyewe, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube kwa laini ya Kichina. Weka WeChat (wao huiita Weixin), Alipay, ramani ya Amap na programu moja nzuri ya kutafsiri. Fungua akaunti ya WeChat mapema, kwa sababu mara nyingi itakudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo kwenye simu yako, na saa nane usiku uwanja wa ndege huyo mtu hutampata. Mwekee mama naye WeChat, umfundishe kupiga simu ya picha kabla hujaondoka. Laini yako ya nyumbani ukiiwezesha kutumia mtandao ukiwa nje, hupitia kwa kampuni yako ya nyumbani na WhatsApp hufunguka, lakini bei yake itakufanya uongee kifupi.

Adapta ni lazima. Soketi za China hazipokei plagi zetu za miguu mitatu minene, ila nguvu ya umeme ni karibu ile ile ya kwetu, hivyo pasi na chaja zako hazitaungua. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na andika anwani ya unakofikia kwa herufi za Kichina kwenye karatasi, karatasi kabisa, kwa sababu simu huzima.

Saa 24 za kwanza

Sheria inasema mgeni anayekaa mahali pasipo hoteli ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli hukuandikisha yenyewe inapochukua pasipoti yako mapokezi. Ukifikia kwa rafiki, au ukipanga chumba, jukumu ni lako pamoja na mwenyeji wako. Unakwenda kituo cha polisi cha mtaa huo, "paichusuo", na pasipoti, mkataba wa nyumba, nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba na nakala ya hati ya nyumba. Unatoka na karatasi ndogo. Itunze kama cheti cha kuzaliwa, maana utaulizwa hiyo karatasi ukiomba kibali cha ukaazi.

Ukihama chumba, hata kama ni kupanda ghorofa mbili juu, unajiandikisha upya. Nilihama mara moja siku ya Ijumaa nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu nilikaa kwenye benchi la bati muda wa saa tatu nikiandika maelezo kwa nini nimechelewa, nikaachiwa kwa onyo. Ilikuwa bahati, kwa sababu faini inaweza kufika yuan 2,000.

Tukiwa bado kwenye adhabu tuzimalize: kuzidisha siku za viza ni yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, au kuwekwa ndani siku tano hadi kumi na tano. Kufanya kazi bila kibali faini yake huanzia 5,000. Pasipoti unatembea nayo, kwa sababu polisi wana haki ya kuitazama popote. Idara ya uhamiaji ina namba ya simu inayopokewa usiku na mchana, 12367, na Kiingereza wanakizungumza. Iandike, pamoja na 110 ya polisi, 120 ya gari la wagonjwa na 119 ya zimamoto.

Laini na pesa

Laini unanunua kwenye duka rasmi la kampuni ya simu kwa pasipoti. Usikubali laini ya kijana wa barabarani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu benki, treni na WeChat vyote vitafungwa kwenye namba hiyo, na siku mwenye jina akiizima umezimika nawe.

Mtu aliyezoea kulipa kwa simu nyumbani hatashangaa sana China. Tofauti ni kwamba huandiki namba. Unaskani msimbo wa duka, au muuzaji anaskani wa kwako. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya kwetu inaingia kwenye Alipay na WeChat. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kawaida hayana makato, yakizidi hapo unakatwa asilimia tatu. Noti bado ni halali na muuzaji hana ruhusa ya kuzikataa, ila usimpe muuza maandazi noti ya mia moja saa moja asubuhi. Atakuangalia kama anavyokuangalia konda wa daladala ukimtolea noti ya elfu kumi. Mdomoni hawasemi yuan, wanasema "kuai".

Chumba

Dalali wa Guangzhou ni dalali. Atakuonyesha picha za chumba kingine. Nenda ukione mchana, fungua bomba, vuta harufu ya bafuni, gusa ukuta wa upande wa kaskazini. Hilo la ukuta si utani. Mwanzoni mwa masika unyevu wa pwani hurudi na kuta hutoa jasho, nguo hazikauki, viatu vya ngozi huota ukungu kabatini. Wenyeji huita hali hiyo "huinantian", na vyumba vya ghorofa ya chini ndivyo vinavyoumia.

Malipo ya kuingia mara nyingi ni amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja, juu yake chake dalali. Swali la kwanza lisiwe bei. Uliza, "mwenye nyumba atanipa nakala za kuniandikishia polisi?" Akisitasita, ondoka, hata kama chumba kina veranda. Piga video kila pembe siku unayoingia, ukiwa na dalali pembeni, umtumie hapo hapo.

Wapi? Xiaobei na Sanyuanli ni karibu na masoko na karibu na watu wetu. Mimi nashauri mtu akae vituo vinne au vitano mbali. Utakuja Xiaobei Jumamosi kununua unga wa ugali na kusuka nywele, halafu utarudi kwenye mtaa ambao majirani zako hawana budi kukuzoea. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa Afrika wakaandika kulalamika. Habari hiyo ilifika kwetu sote. Usiifiche kichwani ukifika, lakini iweke mahali pake: siku ya taabu, mwenye jirani anayemjua kwa jina huwa na mlango mmoja zaidi wa kugonga.

Ulimi wetu una bahati

Utaambiwa Kichina ni kigumu, na kwa toni ni kigumu kweli. "Mai" ya kushuka kisha kupanda ni kununua. "Mai" ya kushuka kwa kishindo ni kuuza. Mwezi wangu wa kwanza nilimweleza mwenye duka la viatu, kwa adabu zote, kwamba nataka kumuuzia viatu vyake.

Lakini Guangzhou ina lugha yake ya nyumbani, Kikantoni, na hapo Mswahili ana bahati ambayo hakuna kitabu kitakachomwambia. Neno la kwanza la mjini pale ni "m goi", asante kwa aliyekuhudumia, au samahani naomba kupita. Hiyo "m" inasimama yenyewe, silabi kamili bila irabu, sawasawa na ya "mtu" na "mke". Mzungu huhangaika, anasema "um-goi". Wewe huhangaiki. Mimi, kwa Kikantoni, ni "ngo", na "ng" yake ni ile ya ng'ombe. Tano ni "ng" peke yake. Unazo sauti zote hizi tangu utotoni.

Jifunze manne kwanza: "m goi" kwa huduma, "do je" kwa zawadi au aliyekulipia chakula, "m sai" (hapana haja), na "sik jo faan mei", yaani umeshakula? Hilo la mwisho ni salamu. Mtu akikuuliza hivyo saa tano, au kwa Kimandarini, Kichina rasmi cha nchi nzima, "chi le ma", hakukaribishi kwake wala hachunguzi tumbo lako. Jibu "nimekula, na wewe?" hata kama una njaa ya jana. Anayetoka pwani hahitaji kufundishwa zaidi. Sisi ndio watu wa "habari za asubuhi, nzuri" huku paa linavuja.

Kimandarini usikiache, ndicho cha ofisini na cha wageni wa ndani, na Guangzhou imejaa watu wa mikoa mingine. Kwa programu ya kutafsiri, andika sentensi fupi, kitenzi kimoja. Usitie methali. Niliwahi kuandika "haraka haraka haina baraka" nikimsihi fundi asikimbize kazi. Sijui simu ilimwambia nini, alirudisha amana.

Jifunze pia kuhesabu kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na kidogo, nane ni gumba na cha shahada kama bastola, kumi ndiyo huomba mkono wa pili: vidole viwili vya shahada vilivyopishana. Sokoni penye kelele utajibiwa kwa vidole.

Kumwita mtu

Hapa tena tuko nyumbani. Mchina hamwiti mkubwa wake jina tupu, kama sisi. Jina la ukoo hutangulia, cheo au undugu hufuata: Wang laoshi ni mwalimu Wang, Li jingli ni meneja Li, Chen ge ni kaka Chen, Zhang jie ni dada Zhang. Mama wa makamo ni "ayi", baba wa makamo "shushu". Dereva na fundi ni "shifu", mwenye duka "laoban", mke wake au mwenye duka mwanamke "laobanniang". Mlinzi wa lango la mtaa wenu ataonekana mtu mdogo. Msalimie kila siku kuliko watu wote, maana yeye ndiye anayejua gari gani lilileta mzigo wako na nani alikuja kukuulizia.

Utaulizwa unatoka wapi. Kenya ni "Kenniya", Tanzania ni "Tansangniya", Kongo ni "Gangguo". Ukiwa Mtanzania na dereva ni mzee, tamka polepole "Tan-Zan tielu". Ni TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na watu wa umri ule wameisoma shuleni. Nimewahi kupunguziwa nauli kwa neno hilo moja. Mkenya naye ana twiga wake: mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle wa China twiga, na wenyeji walidhani ni "qilin", mnyama wa heri wa hadithi zao. Mwenye mapenzi na historia atakukalisha chini umsimulie.

Macho, picha na lile neno

Watakuangalia. Guangzhou ni kidogo, kwenye miji midogo ni sana. Mtoto atanyoosha kidole, bibi atagusa nywele zako kwenye basi, mtu atakupiga picha akijifanya anapiga jengo. Mimi hutofautisha anayeomba na asiyeomba. Anayeomba nampa picha, naomba nami nimpige yeye, mara nyingi tunaishia kuongezana WeChat. Asiyeomba namwambia "bu yao pai", usipige, kwa sauti ya kawaida.

Na hili ulijue kabla hujagombana na mtu: Wachina wakiwa wanatafuta neno husema "neige, neige", yaani "hicho, hicho", kama sisi tunavyosema "nanihii". Masikioni mwa aliyezoea Kiingereza cha Marekani linasikika kama tusi zito. Si tusi. Ubaguzi upo, utaukuta kwenye teksi inayokupita na kwenye tangazo la kazi, na hapo hasira yako ni halali. Usiimalizie kwa mtu aliyekuwa anatafuta neno.

Mezani

Kila jambo kubwa China huamuliwa karibu na chakula, kwa hiyo sehemu hii isome mara mbili.

Usikae mpaka ukalishwe. Kiti kinachotazama mlango ni cha mgeni wa heshima au mwenyeji, inategemea karamu. Mwenyeji ndiye anayeagiza, kwa wote, na vyakula vinawekwa katikati kwenye kioo kinachozunguka. Ukiulizwa unapenda nini, usiseme "chochote". Sema usichokula, mapema, kabla ya kuagiza.

Kwa asiyekula nguruwe, hapa ndipo penye kazi. Kwenye menyu ya Kichina, "rou", nyama, isipotajwa ya mnyama gani, ni nguruwe. Kiti moto ndiyo nyama, nyingine zote zinahitaji jina. Kusema "wo bu chi zhurou" (sili nguruwe) hakutoshi, kwani maharage mabichi huja na punje za nyama ya kusaga juu, na mboga hukaangwa kwa mafuta yake, "zhuyou". Taja yote mawili. Ukila peke yako tafuta herufi mbili, 清真, "qingzhen", ndiyo halali yao. Migahawa ya tambi za Lanzhou imejaa kila kona, mingi ikiendeshwa na Waislamu kutoka Qinghai. Utawaona kwa kofia nyeupe na ushungi, unga ukivutwa kwa mikono mbele yako. Bakuli la tambi na ng'ombe ni rahisi, linashibisha, na pilipili ipo mezani bure.

Guangzhou ina desturi zake. Asubuhi ya Jumapili familia huenda "yum cha", kunywa chai na vitu vidogo vidogo vya mvuke kwenye vikapu. Kabla ya yote wanasuuza vikombe na bakuli kwa chai ya moto wakimwaga kwenye besheni. Fanya nao. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, asante isiyokatiza mazungumzo. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alipotembea kwa kujificha alimmiminia chai mtumishi wake, naye asiweze kupiga magoti hadharani, akapiga magoti kwa vidole. Maji yakiisha, acha mfuniko wa birika umekaa upande, mhudumu ataelewa. Na ukiona kikombe cha mwenzako kinakwisha, wewe ndiye umimine, ukianza na mkubwa na kumalizia na kikombe chako.

Vijiti usivisimike wima kwenye wali, ndivyo ubani unavyosimikwa kwa wafu. Samaki mzima usimpindue akiisha upande mmoja. Pwani ya kusini wanasema ni kupindua mashua. Toa mfupa, endelea chini yake.

Pombe. "Ganbei" maana yake maliza glasi, na karamu ya kiwanda inaweza kuwa na ganbei kumi na tano. Ukinywa, glasi yako igonge chini ya ukingo wa glasi ya mkubwa. Usiponywa, sema tangu mwanzo na usibadilike. Ukionja moja umefungua mlango. Inua kikombe cha chai useme "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe. Msemo huo wanauheshimu na hautakuvunjia biashara.

Kisha bili. Haigawanywi. Watavutana mikono kwenye kaunta kama watu wanaopigana, na mwenyeji halisi mara nyingi ameshalipa alipojifanya anakwenda msalani. Mvute kidogo, mwache ashinde, kisha mwalike wewe ndani ya wiki mbili. Usipomwalika, deni limebaki, na atakusubiri bila kusema.

Kupata marafiki hasa

Kuwa mteja wa mahali pamoja. Kifungua kinywa kwa mama yule yule, kinyozi yule yule, uwanja ule ule wa badminton. Wiki ya tatu utaanza kuongezewa yai. Jioni, kila uwanja wa wazi huwa na wamama wanaocheza ngoma kwa spika kubwa, safu kwa safu. Simama safu ya nyuma uwafuate. Watakucheka, watakurekebisha mikono, na mmoja wao ana kijana anayetaka kufanya mazoezi ya Kiingereza. Bustani ya Yuexiu asubuhi ni shule nzima: waimbaji, wacheza karata, wazee wa tai chi.

Kwa wanaosali, Msikiti wa Huaisheng wenye mnara wake mweupe uko mjini katikati, na ule wa Xianxian uko karibu na kaburi ambalo mapokeo yanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa utakuta pale mataifa mengi kuliko uwanja wa ndege. Wakatoliki wana kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu, lililomalizika 1888, ambalo wenyeji huliita nyumba ya mawe, Shishi.

WeChat ina adabu yake. Ujumbe wa sauti ukomo wake ni sekunde 60, na mtu wa kazi hapendi kabisa kutumiwa sita mfululizo. Sisi wa "sikia kwanza nikuambie" tujizuie, tuandike. Ile sura ya kutabasamu ya kawaida, vijana wao huisoma kama kejeli. Na jifunze hapana yao, kwa sababu hawasemi hapana. "Zai shuo" (tutaongea), "bu tai fangbian" (haijakaa sawa) na "nitaangalia" ni ndugu wa "inshallah" ile ambayo sote tunajua mtu hatakuja.

Utaulizwa umri, mshahara, kwa nini hujaoa. Ni shangazi zako hao hao, lugha tu imebadilika. Wajibu kwa mzaha.

Zawadi hutolewa kwa mikono miwili, hukataliwa mara moja au mbili, haifunguliwi mbele yako. Usimpe mtu saa ya ukutani, kwa kuwa kutamka "kumpa saa" kunalingana na kumsindikiza maiti. Usitoe vitu vinne. Nane ni baraka. Wala usimpe mwanamume kofia ya kijani, maana mvaa kofia ya kijani ni mume anayesalitiwa na mkewe. Haya ya mwisho nimeyalipia. Nilirudi kutoka likizo na kofia nzuri ya Yanga kwa rafiki yangu mwenye familia, nikaitoa sebuleni mbele ya mkewe na wakwe. Shabiki wa Simba angepona, nyekundu kule ni rangi ya heri.

Ukiugua

Nenda hospitali ya umma na pasipoti, pesa na mtu wa kutafsiri. Unaanza dirisha la "guahao", kupata namba. Unamwona daktari dakika chache. Unalipia kipimo, unapima, unarudi, unalipia dawa. Kila hatua hulipwa kabla. Utaambiwa unywe maji ya moto, kwa maradhi yote. Kunywa.

Ukialikwa kijijini Mwaka Mpya

Mwaka Mpya wao hufuata mwezi, huangukia kati ya kama tarehe 21 Januari na kama tarehe 20 Februari. Viwanda hufunga wiki kadhaa, masoko hulala, na asiyejua hukaa na mzigo usiofungwa. Ukipata mwaliko wa kwenda kwao na rafiki, nenda. Tiketi za treni kwenye programu ya 12306 hufunguliwa siku 15 kabla na huisha ndani ya dakika, jina liwe herufi kwa herufi kama la pasipoti. Saa husomwa 00 hadi 24: 07:00 ni yetu saa moja asubuhi. Mtanzania mwenzangu alilisoma saa saba akafika mchana na mabegi yake yote, treni imeshafika kwao rafiki.

Mwambie mwenyeji aulize polisi wa kijiji kuhusu kukuandikisha, sheria ya saa 24 haina sikukuu. Peleka matunda kwenye boksi jekundu, machungwa yanafaa, si mapeasi. Kijijini hakuna joto la ndani, kusini nyumba ni baridi kuliko nje, beba soksi nene.

Na hapa Guangdong kuna bahasha nyekundu, "lai see". Aliyeoa au kuolewa humpa asiyeoa, awe mtoto au mtu mzima. Kiasi hapa ni kidogo kuliko mikoa mingine: yuan tano, kumi, ishirini, noti mpya zisizokunjwa, foleni ya benki utaikuta wiki moja kabla. Ukiwa na ndoa huna pa kujificha. Weka za tano mfuko wa kushoto, za ishirini mfuko wa kulia, na kumbuka upi ni upi, kwa sababu watoto wa kijiji kizima watakufuata wakipiga kelele "lai see dau loi", leta bahasha, na kaka mkubwa wa rafiki yako, ana miaka arobaini na hajaoa, atasimama mwisho wa mstari akicheka.